Gadi Alikuwa Wapi?

Nyumbani kwetu wimbo wa treni hauanzi mpaka Baba aonyeshe taa ya kijani.

Huketi nyuma yetu sote, kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, taa yake ya kazi juu ya goti. Ni taa ya chuma inayotumia mafuta, yenye vioo vya rangi tatu: cheupe, chekundu na cha kijani. Ukizungusha kofia yake, kioo kinabadilika. Rangi nyeusi ya kishikio imelika pale vidole viwili vilipokuwa vikipita kila usiku, na chuma chake kimebaki kinang'aa. Anayeongoza wimbo lazima ageuze kichwa kumtafuta, kama dereva anavyochungulia dirishani kuangalia kama nyuma wako tayari. Kijani ikionekana, tunaondoka. Baba huitundika taa msumarini, anachukua gita lake kavu na kuingia wimboni. Ubeti wa mwisho ukikaribia, anaacha kupiga, anaishusha taa na kuonyesha nyekundu. Hapo tuna mistari minne ya kupunguza mwendo. Kwake hakuna wimbo wa treni unaokatika ghafla, kwa sababu hakuna treni inayosimama ghafla isipokuwa imegonga kitu.

Tunapiga kantri ya zamani, na hasa nyimbo za treni. Kaka yangu mkubwa hupiga besi. Dada hupiga fidla aliyoanza kujifunza shuleni. Kitinda mimba wetu amerithi gita la pili. Mimi napuliza harmonika, kile tulichokiita utotoni kinanda cha mdomo. Mama alikuwa na kayamba na sauti ya pili. Wajukuu hujaza palipobaki, kwa makofi na sufuria.

Wimbo ukiisha, Baba huvaa miwani, hufungua daftari la mistari na kuandika: saa ya kuondoka, saa ya kufika, na kama tulichelewa, sababu ya kuchelewa. Ninalo moja hapa mezani ninapoandika. "Saa 2:14 usiku. Wabash. Imechelewa dakika 6. Sababu: chai." Ndivyo alivyoandika kazini kwa miaka 28, na hakuona kwa nini aandike namna nyingine akiwa na watoto wake.

Baba aliajiriwa reli mwaka 1970, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa bado shirika moja. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 yeye alibaki palepale, kwenye njia ileile, kofia tu ndiyo iliyobadilika nembo. Alikuwa gadi wa treni za mizigo, kituo chake Nakuru, mahali njia inapogawanyika: moja inashika Njoro, Elburgon, Molo na Londiani hadi Kisumu, nyingine inapanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kisha inateremka kuelekea Eldoret na mpaka wa Uganda. Sisi tulikulia landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli ambazo hata Landimawe ya Nairobi imechukua jina lake kwazo. Usiku tuliweza kulala katikati ya kelele yoyote ya yadi, ila injini zikinyamaza wote tuliamka.

Watu wakiona treni wanamwona dereva. Mtoto akipunga mkono, anampungia dereva. Gadi yuko mwisho kabisa, kwenye behewa lake lenye breki ya mkono na dirisha dogo, nyuma ya mabehewa ambayo usiku hata hayaoni yote. Kabla ya kuondoka huyahesabu kwa miguu, moja moja. Kila stesheni huandika saa, huandika behewa lililoungwa na behewa lililoachwa. Na kila mara huhakikisha taa nyekundu ya nyuma inawaka. Baba alitufundisha maana ya taa hiyo kabla hatujaanza shule. Mtu wa stesheni treni inapopita haitazami injini. Anasubiri aione taa ya nyuma. Akiiona, anajua treni imepita nzima, hakuna behewa lililokatika na kubaki njiani gizani likingoja kugongwa na treni inayofuata. Treni yenye taa ya nyuma ni treni kamili. Neno hilo, kamili, ndilo lililofunga kila ukurasa wake.

Kantri haikuwa ngeni kwetu. Jim Reeves aliimba kwenye redio za nyumba nyingi nilizozijua, na Jumapili mchana landi nzima ungeweza kufuata wimbo mmoja kutoka mlango hadi mlango. Lakini mwaka 1983 Baba alirudi kutoka sokoni na kaseti iliyoandikwa kwa kalamu ubavuni: "Treni za zamani." Sauti zake zilikuwa na mikwaruzo, kama zinatoka ndani ya debe. Mmoja wa waimbaji aliimba vizuri kawaida, kisha mwishoni mwa ubeti akaipasua sauti yake, ikaruka kutoka kifuani hadi juu kabisa na kurudi. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers. Baba alipokuja kujua kazi ya mtu huyo kabla ya muziki, alikaa kimya kidogo, kisha akaturudishia kaseti mwanzo tusikilize upya.

Rodgers alizaliwa mwaka 1897 na kukulia pande za Meridian, Mississippi. Baba yake alikuwa nyapara wa genge la kutengeneza njia, na Jimmie akiwa kijana aliwapelekea maji vibarua Weusi waliokuwa wakisogeza reli kwa mitaimbo huku wakiimba ili wavute pamoja. Kisha naye akawa mtu wa breki. Enzi za kabla ya breki za upepo kuenea Marekani, mtu wa breki alitembea juu ya mapaa ya mabehewa treni ikienda, akizungusha gurudumu la breki la behewa hili, akiruka hadi lile, mvua au barafu. Mwaka 1924 Rodgers alikutwa na kifua kikuu, na kazi ya reli ikamshinda. Tarehe 4 Agosti 1927 aliimba mbele ya mitambo ya kurekodi ya Ralph Peer, mtayarishaji wa sahani za muziki, mjini Bristol, mji uliokalia mpaka wa Tennessee na Virginia. Hakuishi miaka sita baada ya siku hiyo. Alifia New York tarehe 26 Mei 1933, akiwa na miaka 35, na mwili wake ukarudishwa Meridian kwa treni.

Kuna wimbo wake wa mwaka 1928, "Waiting for a Train", unaonigusa kuliko wote. Msimulizi ni mtu asiye na nauli, yuko mbali na kwao, anajaribu kudandia behewa la mizigo, na mtu wa breki anamfukuza na kumshusha njiani. Aliyeimba hivyo alikuwa mtu wa breki mwenyewe, na aliuimba upande wa yule aliyefukuzwa.

Kwa miaka mingi tuliupiga wimbo huo bila kujua kwa nini Baba huinamisha kichwa kwenye ubeti wa pili. Ni Mama aliyetuambia. Usiku mmoja Baba alimkuta kijana amejibana katikati ya mabehewa ya mizigo, akamshusha Londiani kwenye mvua ya Julai, kwa kuwa sheria ilimtaka afanye hivyo na kwa kuwa watu walikuwa wakikatika miguu hapo. Alirudi nyumbani akaliondoa koti lake la mvua msumarini na kulitazama muda mrefu. Sijawahi kumuuliza. Ila najua kwamba kwenye ubeti ule besi ya kaka hushuka sauti yenyewe, na wote tunamfuata.

Siku zile za Agosti 1927, kabla Rodgers hajafika mbele ya mitambo ya Peer, palipita familia. A. P. Carter alikuja na mkewe Sara na shemeji yake Maybelle, ambaye pia alikuwa binamu yake Sara. Maybelle alikuwa na mimba kubwa, Sara alikuja na mtoto wa kunyonya. Walitoka bondeni Virginia kwa gari. Ninapenda sana picha hiyo, ya watu wa nyumba moja wakiingia kwenye chumba cha kurekodi na mtoto wao. Sara aliongoza kwa sauti nzito, Maybelle alishika gita, na A. P. aliingia na sauti yake ya chini pale alipojisikia kuingia. Nyimbo zao nyingi A. P. alizikusanya kwa watu akitembea milimani, na kwa safari kadhaa alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gita Mweusi aliyekuwa amepoteza mguu kwenye kiwanda cha saruji. Riddle alikuwa na kazi ya kuushika wimbo, kwa sababu kwake wimbo uliosikika mara moja haukupotea.

Maybelle alikuwa akiuchuma wimbo kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene, na kwa kidole cha shahada akipangusa nyuzi nyembamba kuweka mapigo. Yaani gita moja lilifanya kazi ya mawili. Baba alipoisikiliza mikono hiyo kwenye kaseti aliitambua. Ujanani alikuwa amejifunza gita kwa baba yake mkubwa, naye baba yake mkubwa alikuwa amejifunza kwa kumsikiliza Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyepiga kwa gumba na shahada na kueneza upigaji huo Afrika Mashariki nzima. Njia si ileile. Maybelle anapangusa, Mwenda anadonoa. Lakini gumba la Baba lilikuwa limekwisha kuzoea kwenda peke yake. Wiki mbili hazikuisha tukawa na "Wabash Cannonball" sebuleni.

Huo ulikuwa wimbo wetu wa kwanza. Familia ya Carter iliurekodi mwaka 1929, na mwimbaji Roy Acuff akaupa umaarufu miaka ya 1930. Treni inayosifiwa humo ilikuwa ya kubuni, treni ya ndoto inayofika kila mahali. Kampuni ya reli ya Wabash ilikuja kuipa treni yake halisi jina hilo baadaye sana, baada ya wimbo kutangulia.

Kayamba liliingia siku hiyohiyo. Mama alikuwa nalo la kwaya ya kanisa, lile bapa la mabua lenye mbegu ndani, na alikuwa jikoni akitusikiliza tukihangaika kutafuta sauti ya mvuke. Kaka alijaribu kupiga meza, nikajaribu kupuliza mashavu. Mama akatoka na kayamba, akaliinamisha upande mmoja polepole: shaaa. Upande wa pili: shaaa. Akaongeza kidogo kidogo, cha-cha, cha-cha, na injini ikawa inatoka Nakuru stesheni na mzigo mzito. Baba alicheka mpaka akatoa miwani. Mpaka leo sijasikia rekodi ya Marekani yenye mvuke mzuri kuliko wa kayamba la kwaya ya Kikatoliki.

Mapigo ya magurudumu tulifundishwa na Baba mwenyewe. Reli za zamani ziliungwa vipande kwa vipande, na kwenye kila kiungo palikuwa na mwanya. Behewa lina magurudumu mawili mawili kila mwisho, na mwisho wa behewa hili uko karibu na mwanzo wa lile, kwa hiyo kwenye kila kiungo unasikia manne kwa mkupuo: ta-tam, ta-tam. Kisha kimya. Kimya hicho ni urefu wa tumbo la behewa. Baba alitukalisha sakafuni na kutupigisha magoti kwa viganja: ta-tam ta-tam, kimya, ta-tam ta-tam, kimya. Aliyejaza kile kimya alianza upya. "Hapo ndipo mzigo ulipo," alisema. "Usipige juu ya mzigo."

Johnny Cash na wenzake wawili, Luther Perkins na Marshall Grant, waliifikia treni kwa njia nyingine mjini Memphis mwaka 1955. Hawakuwa na ngoma. Cash alizoea kupachika karatasi kati ya nyuzi za gita lake ili zikwaruze kama ngoma ndogo, na Perkins akapiga nyuzi nene kwa ule mwendo wa kurudiarudia unaojulikana duniani kote. Kitinda mimba wetu alifanya hivyo kwa risiti ya duka ya karatasi nyembamba, na inafaa kabisa, ingawa risiti haimalizi wimbo mzima kabla haijachanika. Tunapiga "Hey, Porter", upande mmoja wa sahani ya kwanza kabisa ya Cash, wimbo wa mtu anayerudi kwao na kumuuliza mhudumu wa treni kila saa kama wamekaribia. Cash aliutunga aliporudi kutoka jeshini Ujerumani. Dada alipofika nyumbani baada ya miaka minne ya kusoma nje, tuliupiga mlangoni kabla hajaweka mkoba chini.

Sasa nifike kwenye swali la Baba.

Nyimbo za ajali ndizo zilizomsumbua. Tulipenda sana "Casey Jones", na tulipojifunza tulikuwa tunaupiga kwa kasi, kila mmoja akimkimbiza mwenzake. Baba akaonyesha nyekundu katikati ya wimbo. Tukasimama. Akauliza, "Na gadi alikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu, wala wimbo hauna. Ikanibidi, miaka mingi baadaye, niitafute habari yenyewe. John Luther Jones, aliyeitwa Casey, aliendesha treni ya abiria ya Illinois Central kutoka Memphis usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili 1900. Ilitoka imechelewa zaidi ya saa moja, naye alikuwa karibu kuumaliza ucheleweshaji wote. Pale Vaughan, Mississippi, treni za mizigo zilikuwa zimejaa njia ya kupishania, na mabehewa ya mwisho yalikuwa yamebaki kwenye njia kuu kwa sababu bomba la breki za upepo lilipasuka. Jones alimwambia Sim Webb, mchochea moto wake, aruke. Yeye akabaki na breki mkononi mpaka mwisho, akaipunguza kasi kiasi kwamba yeye peke yake ndiye aliyekufa. Wimbo ulianzia kwa Wallace Saunders, mfanyakazi Mweusi wa kufuta injini huko Canton, aliyemjua Jones na kumpenda.

Na gadi? Kwenye treni ya mizigo iliyokwama kulikuwa na mtu wa bendera, John Newberry. Taarifa ya kampuni ilisema alirudi nyuma gizani kutega fataki za tahadhari juu ya reli na kuonyesha ishara, na kwamba Jones hakuziitikia inavyostahili. Webb baadaye alisema hawakumwona mtu yeyote wa bendera. Nilimsomea Baba yote hayo, pande zote mbili. Alisikiliza, akauliza usiku ulikuwa na ukungu au la, akauliza njia ilikuwa na kona. Nikamwambia ukungu unatajwa, na kona ipo. Akakaa. "Alitembea," akasema. "Mtu wa nyuma akishatembea gizani na taa yake, amemaliza. Hawezi kuiendesha treni ya mbele." Tangu hapo, kabla ya "Casey Jones", mmoja wetu hutaja jina la Newberry kwa sauti. Baba ndiye aliyetaka hivyo.

"Wreck of the Old 97" tunaupiga polepole kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Treni hiyo ya barua ilikuwa ikitoka Monroe kwenda Spencer tarehe 27 Septemba 1903, imechelewa, na mkataba wa kubeba barua ulikuwa na faini ya kuchelewa. Dereva Joseph Broady aliteremka kuelekea Danville, Virginia, kwa kasi ambayo kona ya daraja la Stillhouse haikuweza kuibeba. Watu 11 walikufa. Vernon Dalhart aliurekodi wimbo huo mwaka 1924 na sahani ikauzwa zaidi ya milioni moja. Wanaoupiga hupenda kukimbia. Kwetu, anayekimbia anaonyeshwa nyekundu, kwa kuwa Baba ameteremka kutoka Timboroa usiku na mabehewa yaliyojaa yakimsukuma mgongoni, na anajua mikono inavyotetemeka kwenye breki mpaka uone taa za stesheni.

Upande wa Mama, hadithi ya nyimbo hizi ni ya zamani kuliko kaseti ya Baba. Mama alikuwa Mkipsigis wa Bureti. Kaseti ilipokuwa mpya, kogo, nyanya yetu mzaa mama, alikuja kututembelea landi. Jimmie Rodgers alipopasua sauti yake, kogo aliweka kikombe chini na kusema, "Chemirocha!" Tulidhani ni mshangao tu, neno la Kikipsigis tusilolijua. Lilikuwa jina: Jimmie Rodgers, lilivyotamkwa na kinywa cha Kikipsigis.

Sahani za santuri za Rodgers zilikuwa zimefika vijijini kule muda mrefu, na watu waliosikia sauti inayoruka vile ikitoka kwenye sanduku walimfanyia wimbo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yuleyule aliyekuja kumrekodi Mwenda Jean Bosco mwaka 1952, alirekodi wimbo huo Kapkatet. Wasichana wanaimba pamoja na chepkong, kinubi chetu, wakimwita Chemirocha aje acheze, aruke kwa nguvu mpaka nguo zimdondoke. Walimwazia kuwa nusu mtu, nusu swala. Zaidi ya miaka sitini baadaye rekodi zile zilirudishwa kwa Wakipsigis wenyewe, na wazee wakajisikia wakiwa wasichana na wavulana.

Kogo hakuwahi kusema kama aliimba na wenzake. Alichofanya siku ile ni kupiga kigelegele kila sauti ya Rodgers iliporuka. Mama alikiweka kigelegele hicho kwenye kayamba. Kila mahali sauti inapopasuka, Mama alilitikisa kayamba hewani kwa haraka, mtetemo mmoja, kisha akarudi kwenye mvuke. Mtu wa breki wa Mississippi na kogo wa Bureti wamekutana hapo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mimi harmonika yangu naidai kwa DeFord Bailey. Alizaliwa Tennessee mwaka 1899, mjukuu wa watumwa, katika familia iliyopiga muziki pamoja. Polio ilimlaza utotoni na akabaki mfupi na dhaifu wa mwili. Inasimuliwa kwamba akienda shule alisimama chini ya daraja la reli na kufumba macho treni ikipita juu yake, ili aichukue nzima. Desemba 1927, kwenye redio ya WSM ya Nashville, alipiga "Pan American Blues", treni tupu bila neno hata moja, na ni baada ya kumsikia huyo ndipo mtangazaji George Hay alipokipa kipindi chake jina la Grand Ole Opry. Akawa nyota wa kipindi hicho, na bado akiwa safarini na wenzake hoteli zilimkatalia kitanda. Mwaka 1941 waliachana naye, akaishi kwa kung'arisha viatu. Alifariki mwaka 1982. Jumba la heshima la muziki wa kantri lilimpokea mwaka 2005. Nikisikia mtu akisema kantri si muziki wetu watu Weusi, nampa simu yangu na kumwekea Bailey.

Jambo moja nimejifunza kwake kwa mwaka mzima wa kujaribu. Treni inapokukaribia honi yake huwa nyembamba, na wakati uleule inapokupita inashuka ghafla na kuwa nzito. Ukiipuliza honi moja tu, umempa msikilizaji treni iliyosimama. Inabidi uvute pumzi, uikunje noti ishuke katikati ya pumzi ileile, huku kiganja kikifunguka pole mbali na kinywa. Mara ya kwanza nilipoipata, nilikuwa nimesimama uani. Baba alitoka ndani akaangalia upande wa njia ya reli.

Mama alifariki mwaka 2021. Tulimzika Molo, kwenye shamba walilonunua pamoja alipokuwa Baba bado kazini, mahali ambapo njia ya Kisumu inaonekana kati ya miti.

Desemba ile tulikusanyika Nakuru bila kuambizana kwamba tutapiga. Vyombo vilikuwa pale tu. Kayamba lilikuwa juu ya kabati na hakuna aliyeligusa. Tukakaa mahali petu. Baba akawasha taa, na nilipogeuza kichwa kumtafuta ilikuwa bado kwenye cheupe. Ikakaa hivyo muda mrefu. Kisha mtoto wa dada, msichana wa miaka tisa, akapanda kiti, akashusha kayamba na kuliinamisha upande mmoja. Shaaa. Taa ikageuka kijani.

Tulipiga "Waiting for a Train". Pale sauti inapopasuka yule mtoto alilitikisa kayamba hewani, kwa sababu ndivyo alivyomwona nyanya yake akifanya. Nyekundu ilipoonyeshwa tulipunguza, mistari minne, tukasimama. Baba akavaa miwani na kuandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko kawaida, nami sikutaka kumchungulia. Nilisubiri mpaka alipokwenda kulala, nikafungua daftari.

"Saa 3:20 usiku, kuondoka. Saa 3:25, kufika. Mabehewa 6. Molo limeachwa 1. Limeungwa 1. Taa ya nyuma inawaka. Treni kamili."